Fedha, chuma au shaba: namna ya kuchagua nyuzi na vitambaa vinavyovutika na kupitisha umeme

Fundi cherehani ninayeshirikiana naye pale Mwanjelwa, Mbeya, aliniwekea mezani rili ya uzi uliokuwa ukimetameta, akasema, "Mwalimu, nimekupatia ule uzi wako wa umeme, tena hapahapa sokoni." Ulikuwa uzi wa zari, ule unaotariziwa kwenye kanzu na magauni ya harusi. Nilitoa mita yangu ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme, nikagusisha ncha zake mbili kwenye uzi kwa umbali usiozidi sentimita moja, na kioo kikabaki kinaonyesha tarakimu 1 upande wa kushoto, alama ambayo mita hizi za bei nafuu huitoa pale umeme usipopita kabisa. "Pole mama," nikamwambia, "huu unang'aa tu." Zari ya kale ilikuwa fedha au dhahabu halisi iliyozungushwa juu ya uzi wa hariri, na hiyo ingepitisha umeme bila shida, lakini zari nyingi za siku hizi ni ukanda wa plastiki uliopakwa utando mwembamba sana wa alumini, kisha ukafunikwa kwa vanishi ili mng'ao usichujuke, na vanishi hiyo ndiyo inayoufungia umeme nje.

Nimeanza na rili hiyo kwa sababu wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini, wanafunzi wa ufundi, mafundi nguo na vijana wanaobuni vifaa vidogo vya kuvaliwa, tunafika kwenye nguo za kielektroniki tukiwa tunatafuta "kitambaa cha umeme" kana kwamba ni kitu kimoja kinachouzwa kwa mita. Nguo ya namna hiyo ina kazi nne zisizofanana: kusafirisha umeme kutoka kwenye betri, kupasha joto, kupokea ishara dhaifu za umeme wa mwili, na kupima jinsi mwili unavyojikunja na kujinyoosha. Kile kinachofaulu kwenye kazi ya kwanza mara nyingi hushindwa kwenye ya nne. Kwa hiyo ninaposhauriwa na mtu kuhusu aina ipi anunue, jibu langu hubaki kwamba achanganye ndani ya vazi moja, kila sehemu na nyuzi yake, na kwamba asiiamini namba ya ukinzani iliyoandikwa kwenye paketi mpaka ameipima mwenyewe kitambaa kikiwa kimevutwa na kimekwisha kufuliwa.

Kuvutika kunatoka kwenye umbo

Metali zenyewe hazivutiki kwa kiasi kinachotufaa. Utando mwembamba wa dhahabu au shaba uliopakwa moja kwa moja juu ya plastiki huanza kupasuka ukivutwa kwa asilimia 1 au 2 tu, ilhali ngozi ya goti na ya kiwiko hunyooka kwa takriban asilimia 30 mtu anapochuchumaa au kukunja mkono. Pengo hilo huzibwa na umbo. Kitambaa cha kufuma kwa vitanzi, kama sweta au fulana, huvutika kwa sababu kila kitanzi hubadilika sura bila uzi wenyewe kurefuka. Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za urefu na za upana zinazopishana, kama kitenge, hakina nafasi hiyo, na ukishona juu yake uzi unaopitisha umeme utakuwa umepata saketi isiyovutika hata kama uzi ni wa bei kubwa kiasi gani.

Njia ya pili ni mshono wa zigizaga, na hii ndiyo iliyo karibu zaidi na mafundi wetu. Ukiweka cherehani ili kila hatua ya sindano iende mbele kwa kiasi kilekile inachokwenda pembeni, uzi unakaa kwa pembe ya nyuzi 45, na urefu wake unakuwa mara 1.41 ya urefu wa mstari. Maana yake ni kwamba kitambaa kinaweza kuvutwa hadi karibu asilimia 41 kabla uzi haujanyooka kabisa na kuanza kubeba mvuto wenyewe, kiasi kinachotosha kwa goti. Gharama yake ni kwamba umetumia uzi mwingi zaidi kwa asilimia 41, na ukinzani umeongezeka kwa kiasi hichohicho. Mshono ulionyooka kwenye kitambaa cha fulana hauna akiba hiyo, na kwa kawaida hukatika siku ya kwanza mvaaji anapoipitisha nguo kichwani.

Fedha na chuma vikiwekwa bega kwa bega

Nyuzi mbili zinazopatikana kwa urahisi zaidi kwa wanaoagiza kutoka nje ni uzi wa nailoni uliopakwa fedha na uzi wa chuma kisichoshika kutu. Zimetumika pamoja tangu enzi za vifaa vya kwanza vya kushonea saketi, kama LilyPad Arduino ya Leah Buechley iliyoingia sokoni mwaka 2007, na bado ndizo zinazomchanganya mnunuzi kuliko nyingine zote.

Fedha ndiyo metali inayopitisha umeme vizuri kuliko zote, ikiipita hata shaba, na chuma kisichoshika kutu kina ukinzani wa takriban mara 40 ya ule wa shaba. Mtu akisoma hayo huamua haraka kwamba uzi wa fedha ni bora. Lakini uzi unaoitwa wa fedha kwa kweli ni nailoni, na fedha ni ngozi nyembamba tu iliyo juu yake, wakati uzi wa chuma ni chuma kitupu mpaka ndani. Kwa sababu hiyo uzi wa chuma wa kawaida wa kushonea huwa na takriban omu 30 hadi 50 kwa mita, ilhali uzi wa nailoni yenye fedha, kutegemea unene na idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, unaweza kuwa chini kidogo ya omu 100 au ukafika mamia ya omu kwa mita ileile.

Kitambaa cha vitanzi chenye fedha hupimwa kwa namna nyingine, kwa omu kwa kila mraba, mraba uwe mkubwa au mdogo, na hapa nimeona wengi wakijikwaa. Chukua kitambaa cha omu 1 kwa mraba, namba inayosikika kuwa ndogo sana. Ukikata ukanda wenye upana wa sentimita 1 na urefu wa mita 1, umepata miraba 100 iliyopangwa kwa mstari, yaani omu 100, ambazo ni nyingi kuliko za uzi mmoja wa chuma wa urefu huohuo. Ukiukata kwa upana wa sentimita 5, miraba inakuwa 20 na ukinzani omu 20. Fedha ya kitambaa inafaa pale unapohitaji eneo pana na fupi. Haifai kama waya mrefu mwembamba, na jina la metali lisimdanganye mtu.

Kwenye cherehani zinatofautiana pia. Uzi wa nailoni yenye fedha ni laini, hupita vizuri kwenye sindano, na fundi hataona tofauti kubwa na uzi wa kawaida. Uzi wa chuma uliosokotwa kutoka nyuzinyuzi fupi una manyoya, hujikunja, na hukwama kwenye tundu la sindano; dawa yake ni kuuweka kwenye bobini chini na kuacha poliesta ya kawaida ifanye kazi ya juu. Manyoya hayo ndiyo yaliyonitia hasara. Niliwahi kumtengenezea kijana wa bodaboda wa Uyole kizibao cha joto, nikaacha mikia ya uzi wa chuma bila kuikata karibu na fundo, na mkia mmoja ukagusa mstari wa jirani alipokuwa amejiinamia. Sehemu ya urefu wa kidole ikapata mkondo wote wa betri na kuunguza bitana. Hakuumia, kwa kuwa aliinusa harufu mapema, lakini tangu hapo kila fundo la chuma ninalikata karibu kabisa na kulifunga kwa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, na hakuna saketi yangu inayotoka bila fyuzi.

Kufua ndiko kunakoamua zaidi. Vipimo vya maabara vya kuosha nguo vimeandikwa kwa ajili ya mashine, lakini kwetu nguo nyingi hufuliwa kwenye beseni, kwa kusugua kwa vifundo vya vidole, kukamua kwa kusokota na kuanikwa juani. Kusugua hukwangua fedha kutoka juu ya nailoni kidogo kidogo, na jiki huiharibu haraka zaidi, kwa kuwa klorini hugeuza uso wa fedha kuwa kitu kisichopitisha umeme vizuri. Chuma hakijali sabuni. Kinachokichosha ni msokoto wa kukamua, unaofumua nyuzinyuzi zake. Upo pia mtego wa mahali tulipo: sufu hutoa gesi zenye salfa, na salfa ndiyo inayoifanya fedha iwe nyeusi. Nguo yenye elektrodi za fedha, yaani vipande vinavyogusa ngozi ili kupokea umeme wa mwili, haifai kukunjwa kwenye sanduku moja na masweta ya sufu kwa miezi, jambo ambalo Makete na Njombe, ambako kila nyumba ina sweta, ni rahisi kulifanya bila kujua. Iweke peke yake kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Kisha joto. Risasi ya kuchomelea yenye bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, lakini ncha ya chuma cha kuchomelea hufanya kazi ikiwa kwenye nyuzijoto 300 na zaidi, na nailoni huyeyuka kati ya 220 na 260 kutegemea aina yake. Kwa hiyo uzi wa fedha hupokea risasi kwa muda mfupi sana kabla haujakatika, na chuma kisichoshika kutu hakiipokei kabisa bila asidi maalumu. Vyote viwili viunganishwe kwa kushona au kwa vifungo vya kubana. Pasi ya mkaa, ambayo joto lake halidhibitiwi, isikaribie nailoni yenye fedha; juu ya chuma, angalia tu kitambaa kilichokibeba.

Shaba, ambayo wengi wanaipita

Kwa kazi ya kusafirisha umeme ninaitetea shaba, ingawa haina sifa ya kuwa kitambaa. Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.1 una takriban omu 2.1 kwa mita. Linganisha kwa mfano mmoja. Taa tano ndogo za LED mgongoni mwa mwendesha baiskeli, kila moja ikila miliampea 20, zinahitaji miliampea 100. Betri iko kiunoni, umbali wa nusu mita, hivyo umeme unasafiri mita 1 kwenda na kurudi. Kwa uzi wa chuma wa omu 50, njiani kutapotea volti 5, na betri ya lithiamu yenye volti 3.7 haina hizo volti, kwa hiyo taa hazitawaka ipasavyo kamwe. Kwa waya wa shaba uliolazwa kwa zigizaga, ambao urefu wake halisi ni mita 1.41, ukinzani ni omu 3 na kinachopotea ni volti 0.3 tu.

Udhaifu wa shaba ni uchovu. Waya mmoja mnene ukikunjwa na kukunjuliwa mahali palepale hukatika, kama kila mtu aliyewahi kukata waya wa kufungia kwa kuupindapinda anavyojua. Kinachodumu ni waya wa nyuzinyuzi nyingi nyembamba zilizozungukana na uzi wa nailoni katikati, na huo haununuliwi nje: umo ndani ya kamba za hedifoni zilizokufa, zile ambazo mafundi simu wa Kabwe na Sokomatola huzitupa. Ukimenya ganda la nje utaona nyuzi za rangi nyekundu, kijani na za shaba. Rangi hiyo ni vanishi inayozitenganisha, na hii ni faida, kwa sababu mistari miwili ikigusana haitapiga shoti. Mwishoni tu unaiunguza vanishi kwa risasi ya moto sana ili upate muunganiko. Waya huu haupitishwi kwenye tundu la sindano. Unalazwa juu ya kitambaa na kushikiliwa na mshono wa zigizaga wa poliesta unaopita juu yake, huku waya wenyewe ukiachwa umejipinda kama nyoka. Si rahisi kuupata mkono wa kazi hiyo, na fundi wangu alikataa mara ya kwanza. "Mwalimu, hii si kazi ya kushona, ni kazi ya kusuka nywele." Baada ya vipande vitatu vya majaribio anaifanya kwa haraka kuliko mimi ninavyopima.

Kupasha joto

Usiku wa Juni na Julai joto la Mbeya mjini hushuka chini ya nyuzijoto 10, na kwenye uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, umande huganda. Ndiyo maana wanafunzi wengi wakija na wazo la nguo ya kielektroniki, wazo lao la kwanza ni sweta la joto, na hapa ukinzani tuliokuwa tukiulaumu kwenye chuma unageuka kuwa ndio tunaoutafuta.

Hesabu ni nyepesi. Betri ya kuchajia simu hutoa volti 5. Sentimita 30 za uzi wa chuma wenye omu 30 kwa mita zina omu 9, na nguvu inayotoka ni 5 mara 5 gawanya kwa 9, yaani takriban wati 2.8. Ukiweka mistari mitatu ya namna hiyo sambamba, kila mmoja ukianzia kwenye shaba ya upande mmoja na kuishia kwenye shaba ya upande wa pili, utapata wati 8.3 kwa mkondo wa takriban ampea 1.7, ambao betri nyingi za simu zinaumudu. Betri ya miliampea-saa 10,000 itaibeba nguo hiyo kwa karibu saa 4 ukihesabu na upotevu. Chuma ndicho kipashe joto na shaba ndiyo ikipelekee umeme. Wanaotumia chuma kote hupasha pia njia ya kutoka kwenye betri, yaani hupasha kiuno badala ya kifua.

Nailoni yenye fedha siipendekezi kwa kazi hii. Fedha ikikwanguka mahali pamoja, ukinzani wa hapo hupanda, joto hujikusanya palepale, na kilicho chini yake ni plastiki inayolegea. Kuhusu usalama niseme kwa uzito: kitu chenye nyuzijoto 43 kikigusana na ngozi kwa saa nane kinaweza kuunguza, hata kama mguso wa kwanza haukuonekana mkali. Sweta la joto si la kulalia, na halifai kwa mtoto mchanga wala kwa mzee ambaye ngozi yake haihisi vizuri.

Kusikiliza mwili

Kwa mapigo ya moyo hali inabadilika kabisa. Ishara ya moyo inayofika juu ya ngozi ni ya takriban milivolti 1, na kikuza mawimbi kinachoipokea kina ukinzani wa mamilioni ya omu, kwa hiyo omu 100 za kitambaa hazihesabiki. Kinachohesabika ni jinsi kitambaa kinavyokaa juu ya ngozi. Kitambaa cha vitanzi chenye fedha hakina mpinzani hapa: ni laini, ni kipana, kinafuata mbavu zinavyopanda na kushuka, na hakichomi kama uzi wa chuma. Msimu wa kiangazi wa huku, ngozi ikiwa kavu na baridi, elektrodi kavu hutoa ishara mbovu kwa dakika za mwanzo mpaka jasho lijitokeze. Ilowanishe kwa maji kidogo kabla ya kuvaa.

Kabla hujaagiza kitambaa hiki, pitia mitumba. Glavu za kugusia kioo cha simu zina ncha za vidole zenye nyuzi zilizopakwa fedha au shaba, na vipande viwili vya hizo vinatosha kujifunzia. Nenda na mita mfukoni, kwa sababu glavu nyingine ncha zake zina rangi tu. Pia kuna makoti ya kiwandani yenye mistari myembamba myeusi ya kaboni ya kuondolea umeme tuli. Hayo yana mamilioni ya omu na hayafai kwa saketi, hata mita ikionyesha kitu.

Kupima mvuto

Kupima kupumua, kukunja goti au kufunga kiganja kunahitaji kitu ambacho ukinzani wake unabadilika kwa utaratibu kinapovutwa. Uzoefu wangu na kitambaa cha vitanzi chenye fedha kwa kazi hii ni wa kukatisha tamaa, na sababu yake inaeleweka: kikianza kuvutwa, vitanzi hubanana na umeme hupata njia nyingi zaidi, kwa hiyo ukinzani hushuka, lakini kikiendelea kuvutwa, unaweza kupanda tena. Namba moja kwenye mita inaweza kumaanisha hali mbili tofauti za goti, na hakuna programu itakayoitenganisha.

Kamba ya raba iliyochanganywa na kaboni ni ya wazi zaidi. Ile inayouzwa kwa kazi hii ina takriban omu 140 hadi 160 kwa kila sentimita na hurefuka kwa zaidi ya nusu ya urefu wake. Ikivutwa hurefuka na kukonda kwa wakati mmoja, na kwa hesabu ya umbo peke yake, mvuto wa asilimia 10 hupandisha ukinzani kwa asilimia 21. Tatizo lake ni uvivu: ukiiachia, hairudi mara moja kwenye namba ya mwanzo, huchukua dakika nzima au mbili, na namba ya asubuhi ya baridi ya Makete haifanani na ya mchana wa Mbarali. Kwa hiyo ninaitofautisha kwa swali moja. Unahesabu, au unapima? Mkanda wa kifuani unaohesabu pumzi kwa dakika unahitaji tu kuona kupanda na kushuka, na raba ya kaboni inautosha kabisa. Kifaa cha kupima pembe ya goti la mgonjwa anayefanya mazoezi ya viungo kinahitaji namba ile ile leo na kesho, na hapo raba hii itamdanganya mtabibu.

Kuna vitu viwili ambavyo msomaji atavikuta kwenye makala za utafiti na kuvitamani. Kimoja ni polima ya PEDOT:PSS, ya jamii ya plastiki zinazopitisha umeme ambazo kazi ya kuzigundua iliwapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Ni kimiminika cha buluu iliyoiva ambacho unaweza kuchovya kitambaa chochote cha kuvutika na kukikausha, kikabaki laini. Lakini ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa metali na unyevu huusumbua, kwa hiyo kifikirie kwa elektrodi tu. Kingine ni metali ya maji ya galiamu na indiamu, inayotiwa ndani ya vimirija vya silikoni na kuvutika mara kadhaa ya urefu wake bila kukatika, kwa kuwa hakuna kigumu cha kukatika. Mchanganyiko wa robo tatu galiamu na robo indiamu huganda kwenye nyuzijoto 15.5, nasi huku tuna asubuhi nyingi zilizo chini ya hapo. Kikiwa karibu na mwili kitabaki maji, lakini nguo iliyotundikwa ukutani usiku kucha Kitulo ni habari nyingine. Tena galiamu huila alumini. Ni kazi ya maabara, na ninaiacha huko.

Mahali pa kukatikia

Nguo nilizozifungua baada ya kuharibika zilikuwa zimekatika karibu zote mahali pamoja, nusu sentimita kutoka pale kitambaa laini kinapokutana na kibao kigumu cha saketi. Kitambaa kinavutika, kibao hakivutiki, na mvuto wote unaishia kwenye uzi ulio mpakani. Tibu hilo kwa kushona nyuma ya kibao kipande cha kitambaa kisichovutika, kama dengrizi, kikubwa kuliko kibao kwa sentimita moja na nusu kila upande, ili mvuto ufe kabla ya kufika kwenye muunganiko. Kibao chenyewe kifungwe kwa vifungo vya kubana vya chuma, vile vya nguo za watoto, ili kitolewe kabla ya kufua. Vifungo hivyo ni muunganiko wa umeme na wa nguo kwa pamoja, ilimradi rangi ya juu ikwanguliwe kwanza mahali pa kugusana.

Kwa anayeanza na pesa kidogo, ninamshauri aanze na waya wa hedifoni mbovu, ambao haugharimu kitu, na rili moja ya uzi wa chuma. Kwa hizo mbili atamudu taa na joto. Kitambaa chenye fedha kifuate akishajua anataka elektrodi za ukubwa gani, kwa sababu kinauzwa ghali kwa kipande na hukwisha haraka kwa makosa ya mkasi. Raba ya kaboni iwe ya mwisho. Kila aina inapofika, shona sentimita 10 juu ya kitambaa kilekile kitakachotumika, pima kikiwa kimelala, pima kikiwa kimevutwa hadi sentimita 13, kisha kikabidhi kwa yule anayefua nyumbani akifue pamoja na nguo nyingine bila kuambiwa akitunze, mara tano. Andika namba zote kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ukingo wa kipande hichohicho, na kukiwa na tofauti kubwa kati ya ya kwanza na ya mwisho, usikate bado kitambaa cha nguo yenyewe.